Pete ya Meno Iliyopinda Msangano

Nimekabidhi begi la lenzi, na wenzangu wadogo kazini wameniomba niwaandikie yale niliyojifunza. Nimejaribu mara kadhaa, na kila mara nimejikuta naandika utangulizi wa tasnifu. Shahada ya uzamili humwachia mtu tabia ya kufafanua istilahi kabla hajasalimia. Kwa hiyo nitaeleza kwa kifupi, kwa ajili ya atakayesoma bila kuijua kazi hii. Mvuta fokasi ni mtu anayekaa kando ya kamera na kuzungusha pete ya lenzi, ili anayetakiwa kuonekana wazi aonekane wazi, na aendelee kuonekana hivyo hata akisogea. Akifanya vizuri, hakuna anayemkumbuka. Akikosea, watazamaji wote hupangusa macho wakidhani wana tatizo wao.

Sijafikia umri wa kustaafu, na wengi wenu mnalijua hilo. Niliondoka kwa sababu ya jambo lililotokea Msangano, nami nitalifikia mahali pake. Nikianza nalo mtadhani kazi yangu yote ilikuwa hofu. Sehemu kubwa ilikuwa hofu kweli, lakini haikuwa yote.

Siku ya kwanza nilifika Tunduma nikiwa nimevaa koti. Kampuni yetu ya filamu ilikuwa chumba cha nyuma cha duka la picha za pasipoti, na mwenye kamera alikuwa Ba Siame. Hiyo “Ba” ni heshima ambayo Wabemba humpa mkubwa. Mama yake alitoka Nakonde, Zambia, na nusu ya ndugu zake wako upande ule wa mpaka hadi leo. Aliniuliza naweza kufanya nini. Nilimjibu kwa urefu. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatisha, kisha akanipa lenzi ya zamani ya chuma, nzito kama kitasa cha geti.

“Zungusha mpaka mwisho,” akasema. “Sasa rudi. Umehisi inapokwama?”

Nilikuwa nimehisi. Palikuwa na ukwaruzo mdogo, mchanga labda, karibu na alama ya futi sita. Nilipomwonyesha, aliichukua lenzi, akaizungusha mwenyewe taratibu, akatikisa kichwa kukubali.

“Basi kaa, Masta.”

Jina hilo la shahada yangu likanibakia. Waigizaji wapya walidhani nimebatizwa hivyo.

Kifaa changu cha kwanza alikitengeneza Ba Siame kwa klampu ya bomba la maji. Alikata kipande cha tyubu ya baiskeli, akakizungushia lenzi ili chuma kisiikwaruze, akakaza klampu juu yake, kisha akafunga bolti ndefu iliyojitokeza pembeni kama kidole. Nilisukuma bolti badala ya kushika lenzi. Sababu yake ni nyepesi: ukishika lenzi yenyewe kwa kiganja, kamera inatikisika na picha inatetemeka; ukiwa na mkono mrefu kama bolti ile, mguso wako unapungua ukali. Siku moja tulikuwa tukimpiga picha dada mmoja akipita katikati ya malori yaliyopanga foleni kuingia Zambia. Utingo aliyekuwa amekaa juu ya tairi la akiba alinitazama kwa muda mrefu nikihangaika na bolti ile, akauliza kama tunatengeneza filamu au tunafungua chupa. Picha haikufaa. Kila lori lililosogea lilitikisa ardhi, ardhi ikatikisa stendi, na mimi niliyezoea kutafuta chanzo cha kila kosa nikaandika kurasa mbili kuhusu mtetemo. Ba Siame alihamisha stendi, akaiweka juu ya gunia la mchanga.

Baadaye tulipata gurudumu. Ni kifaa kinachokaa juu ya vyuma viwili chini ya kamera, chenye gia ndogo inayoumana na pete ya meno iliyovishwa lenzi. Ukizungusha gurudumu, pete inazunguka na lenzi inafuata. Kwenye uso wa gurudumu kuna duara jeupe la kuwekea alama za penseli: hapa ni mlangoni, hapa ni kitandani, hapa ni jicho lake akishakaa. La kwetu lilikuwa la bei ya chini na lilikuwa na ulegevu; ulizungusha kidogo kabla lenzi haijatambua kwamba imeambiwa. Ba Siame alilifananisha na usukani wa Landrova mzee. Nisikilizeni kwa hili, kwa sababu hamtalikuta katika maelezo ya kifaa: iendeeni alama kutoka upande mmoja siku zote. Mkiiendea leo kutoka kushoto na kesho kutoka kulia, alama ileile itawapa sehemu mbili tofauti, nanyi mtalaumu macho yenu. Jambo la pili ni lenzi mpya za umeme, ambazo pete yake haina mwisho. Inazunguka tu, kama mjadala wa semina, na alama zenu hazitadumu. Nunueni lenzi kuukuu ya chuma inayogota pande zote mbili.

Sasa nije kwa Neema.

Neema aliuza vitenge sokoni Tunduma na aliigiza nasi katika filamu kadhaa. Alikuwa na uso unaosomeka hata akinyamaza, kipaji ambacho mvuta fokasi hukithamini kuliko wengine, kwa kuwa kinampa mahali pa kwenda. Mumewe, Joseph, alikuwa dereva wa lori. Alifariki njiani, mbali huko ng'ambo. Mwili uliletwa kwao Msangano, na Neema, aliyekuwa kwa wazazi wake Igamba, alifika akakuta kaburi limeshafukiwa. Hawakumngoja. Walisema mwili haukuweza kungoja, na huenda ilikuwa kweli, lakini hakuna aliyemweleza hivyo kwa upole.

Katika ukoo wa Joseph, matanga hufungwa siku mjane anaponyolewa nywele na mama mkwe wake. Neema alikataa. Alisema hatampa kichwa chake mwanamke aliyezika bila kumngoja, na ambaye siku zote za msiba hakumwona akidondosha chozi hata moja. Akarudi Tunduma na nywele zake. Kwa ukoo ule msiba ukabaki wazi, na Neema akabaki mahali ambapo hawezi kuitwa mke wala mjane, huku maneno yakisafiri kati ya Msangano na sokoni kila siku ya gulio.

Wakati huo Atupele, mwongozaji wetu, dada makini kutoka Ibaba, alikuwa na filamu ambayo mwisho wake ni mjane kunyolewa. Alipanga kutumia nywele za bandia. Neema ndiye aliyesema hapana. Angekwenda Msangano anyolewe kweli, na mama mkwe wake mwenyewe, kamera ikiwepo. Wengine walidhani anatafuta umaarufu. Nilimuuliza faraghani, kwa sababu siwezi kufanya kazi na jambo nisilolielewa, naye alinijibu huku akikunja vitenge.

“Masta, nyie mkiwepo nitakaa. Nikiwa peke yangu na yule mama, nitanyanyuka. Na nikinyanyuka safari hii, sirudi tena, na wao hawaniiti tena.”

Mama Joseph alikubali. Majibu yake yaliletwa na shemeji yake Neema, ndugu wa Joseph. Taa zisiwashwe, kwa kuwa ule ulikuwa msiba. Asielekezwe na mtu pa kukaa wala pa kutazama. Na wembe ukishaanza, asisimamishwe na yeyote kwa sababu yoyote. Kichwa kilichonyolewa nusu kwao ni balaa.

Mnaelewa maana yake kwa mtu wa kazi yangu. Chumba kile, kwa maelezo ya shemeji, kilikuwa na dirisha dogo moja. Bila taa ilibidi tufungue tundu la lenzi hadi mwisho ili mwanga utoshe, na tundu likifunguliwa hivyo, sehemu inayoonekana wazi huwa nyembamba kama unene wa kiganja. Wembe ukiwa wazi, jicho la Neema lina ukungu. Jicho likiwa wazi, wembe unapotea. Na nywele hazirudiwi.

Tulifanya mazoezi Igamba, nyumbani kwa wazazi wake, ambako kuna ubaridi na unaweza kufikiri. Atupele alikaa nyuma ya Neema na kitana, akijifanya mama mkwe. Tulikuwa na pete mpya ya meno iliyotengenezwa kwa printa ya plastiki na kijana mmoja wa Mbeya mjini, nyepesi, iliyoingia kwenye lenzi yetu kana kwamba zilizaliwa pamoja. Mpango ulikuwa nianze kwenye mikono na wembe, na kishungi cha kwanza kikianguka, nije kwenye macho ya Neema, nibaki hapo. Ba Siame aliyeshika kamera alirudia neno lake moja, “Panono, mwana, panono,” yaani kidogo kidogo, mpaka kidole changu kikaizoea njia.

Asubuhi ya safari Atupele alihofu pete isije ikapondwa na betri na stendi kule nyuma. Aliiweka katika kikopo chake juu ya dashibodi, mahali ambapo angeiona muda wote. Huku juu Mbozi, kwenye ubaridi, hilo lisingekuwa kosa. Lakini Msangano ni bondeni, na joto la bondeni ni jambo jingine. Tulipofika tuliliacha gari uani, na kwa kuwa ile ilikuwa nyumba ya msiba, hatukuweza kuingia na kutoka kama wageni wa biashara. Tulikaa. Tulipeana mkono na kila mtu, tukatoa pole, tukaletewa maji ya kunawa na ugali, tukala. Neema alikaa mkekani na wanawake, hakutazama upande aliokaa Mama Joseph. Mama Joseph, mwanamke mrefu mwenye sauti kavu, alitukaribisha chakula kwa namna ambayo wengine hutumia kuwaamuru ng'ombe. Muda wote huo nilikuwa naliona gari kupitia mlangoni, na jua likiwa juu ya kioo chake.

Niliporuhusiwa kwenda kutoa vifaa, nilifungua kikopo nikakuta pete imekuwa na umbo la yai.

Sikumwambia Atupele mara moja. Niliijaribu kwenye lenzi: upande mmoja ulibana, upande wa pili ulielea. Nilimwonyesha Ba Siame, naye akaitazama, akaenda kuomba tyubu mbovu ya baiskeli kwa shemeji. Tulikata vipande vyembamba, tukavivuta na kuvifunga kwa nguvu kujaza nafasi iliyolegea. Nikajaribu tena. Kwenda mbali, kutoka karibu na kamera kuelekea ukutani, gia ilishika. Kurudi karibu, iliteleza. Nilirudia mara nyingi kuliko ilivyohitajika, nikitumaini kwamba plastiki itabadili msimamo.

Ikabidi nimwambie. Atupele alifumba macho kidogo. Hakuuliza nani aliiweka pale, alijua.

“Una mwendo mmoja tu?” akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo, na ni wa kwenda mbali tu. Tukageuza mpango palepale, tukinong'ona kama wezi. Nitaanza kwenye macho ya Neema, nywele zake zikiwa bado zipo, kisha niende kwenye mikono na wembe, nibaki huko. Atakapotaka nitoke kwenye macho, atanibonyeza bega. Kurudi hakupo.

Chumbani Neema alikaa chini mkekani akitutazama. Mama Joseph alikaa nyuma yake juu ya kigoda, na fremu ya Ba Siame ilimkata mabegani, kama Atupele alivyotaka: mikono tu, bila uso. Bakuli la maji lilikuwa sakafuni. Hakuna aliyesema tuanze. Mama Joseph aliingiza mkono majini, akazilowesha nywele za Neema, nami nikawa kwenye macho yake, wazi kabisa, kila ukope. Alikuwa anapumua kama mtu aliyekimbia. Niliona magoti yake yakijikaza chini ya kitenge, na nikajua anakaribia kunyanyuka.

“Inama,” Mama Joseph akasema.

Neema hakuinama katika mazoezi. Igamba alikaa wima. Sasa alishusha kichwa kidogo, na macho yake yakatoka kwenye ule ukanda mwembamba, yakawa ukungu, na sikuwa na njia ya kurudi kuyafuata. Atupele akanibonyeza. Nikazungusha. Gia ikashika, mpira ukavutika, nikaikuta mikono mahali pake. Wembe ulipita. Kishungi cha kwanza kikaanguka mkekani bila sauti.

“Inama zaidi.”

Sauti ilikuwa ya amri tupu. Niliona mabega ya Neema yakipanda. Shemeji aliyesimama mlangoni alibadilisha mguu. Nilifikiri: sasa ananyanyuka. Badala yake akainama, akakunja shingo hadi kidevu kikagusa kifua, na Mama Joseph, ili amfikie, akaegemea mbele. Uso wake ukashuka, ukaingia ndani ya fremu.

Nyuma ya mikono, katika ukungu, kulikuwa na kitu kinachong'aa.

Hapa ndipo ninapokwama kila ninapojaribu kueleza. Najua kwamba pete ilizunguka tena. Najua kwamba sehemu iliyo wazi iliondoka mikononi, ikaenda nyuma, ikatulia juu ya uso wa yule mama. Sijui nani aliizungusha. Kidole changu kilikuwa kwenye gurudumu. Lakini mpira uliofungwa kwa kuvutwa huweka nguvu ndani yake, na nguvu hiyo huweza kuachia baadaye, ikaisogeza pete kuelekea kulekule ilikokuwa inakwenda. Nimejaribu tena nyumbani, kwa pete ileile na vipande vilevile. Mara nyingine inasogea yenyewe, mara nyingine haisogei.

Atupele alinigonga bega, mara mbili, tatu. Alitaka nirudi kwenye mikono. Nilijaribu, gia ikateleza, meno yakatoa mlio mdogo ambao mimi pekee niliusikia. Niliacha. Kamera iliendelea kumtazama Mama Joseph mpaka mwisho, hadi kichwa kilipokwisha kunyolewa, hadi alipopangusa uso wake kwa mgongo wa mkono, upesi, na kusema, kwa sauti ileile ya kuamuru ng'ombe, “Nyanyuka sasa.” Neema akanyanyuka, na wanawake wakamtoa nje kumwogesha bila yeye kugeuka nyuma.

Tulipopanda kurudi Mbozi ndipo Atupele alipozungumza nami.

“Kaka, nilikuwa na mtu mmoja tu wa kuonyesha. Mmoja. Kakaa kwenye wembe, kavumilia, na filamu nzima tumemwacha kwenye ukungu. Nitamwambiaje?”

Ba Siame, akiwa kwenye usukani, alisema kwamba kilichotokea kimeshatokea. Atupele akamwambia, kwa heshima, kwamba hilo analijua.

Nilijaribu kuendelea na kazi. Tulikuwa na harusi, tukawa na tangazo la mbegu, nami nilikaa kando ya kamera kama kawaida yangu. Lakini kila pete ilipozunguka nilijiuliza: hii ni mimi? Mvuta fokasi anayejiuliza hufika pale mtu alipokuwa, si pale alipo. Bwana harusi alitembea kutoka mlangoni hadi madhabahuni akiwa hatua moja mbele yangu njia nzima. Baada ya hapo nilimpa Ba Siame begi, naye hakubishana.

Kabla sijaondoka ilibidi Neema aonyeshwe picha ile. Alikuja ofisini mchana, amefunga kitambaa kichwani, akakaa mbele ya kompyuta. Atupele alimwomba radhi kabla ya kubonyeza. Alimwambia uso wake haupo, kifaa kiliharibika kwa joto, na kwamba wanaweza kupiga picha nyingine ya uso peke yake akitaka. Neema alimwambia aweke tu.

Aliangalia macho yake mwenyewe yakizama kwenye ukungu. Aliangalia mikono. Kisha picha ikaenda nyuma, ikatulia, na uso wa Mama Joseph ukawa wazi, umelowa wote, mdomo umefungwa kwa nguvu, machozi yakidondoka kwenye kichwa anachokinyoa na kuchanganyika na maji. Kutoka kwenye uso huo ilitoka ile sauti kavu: inama zaidi.

“Rudisha,” Neema akasema.

Atupele akarudisha. Neema akasogeza kiti. Picha ilipofika tena pale mama yule anapoegemea mbele, alinyoosha kidole kuelekea kioo, bila kukigusa.

“Mimi nilidhani ananiharakisha,” akasema. “Kumbe hakutaka nimwone.”

Akafunga kitambaa chake upya, akamuuliza Ba Siame kama magari ya Msangano yalikuwa bado yanapakia.